Jini Asiyetaka Ngano

Kaango la Mwenye Nyumba lilikuwa na msumari wake ukutani, na aliyelitungua bila ruhusa alitukanwa yeye na waliomlea. Si kaango tu. Chungu chake, mwiko wake, ungo wake na kinu chake havikuazimwa na mtu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili pale Muyeye, Malindi, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, na uani jiko la wote na choo cha wote. Sisi wapangaji tuliazimana kila kitu, mbuzi ya nazi, kibiriti, hata chumvi. Kwake hukuomba. Ukiomba alikujibu, "Chungu changu kina masharti, mwana wangu. Enda kamuombe mwenzio."

Watu walisema ana kiburi. Yeye alikuwa mtu wa visiwani, sisi wengi wetu Wagiriama, basi wakasema atuona najisi. Mamangu naye aliamini hivyo mwanzoni. Kumbe alichokiogopa ni unga wa ngano. Chungu kilichopika tambi, kaango lililokaanga mahamri, ungo uliochekechewa unga wa chapati, akila kilichopitia humo aliumwa tumbo akalala.

Mwenye Nyumba ndivyo tulivyomwita sote, na mbele yake tukimwita Bibi. Jina lake nalijua, lakini hakupenda litajwe na watu asiowajua, kwa hivyo silitaji. Wengine humu nitawataja, kwa sababu wao walilitaja jina la mamangu mbele za watu bila haya. Mimi naitwa Dama. Nimesoma mpaka darasa la nne, na sababu ya kuishia hapo itaonekana mbele.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti kubwa kuliko mwili. Asubuhi alikula vitumbua vya mchele na chai ya tangawizi. Mchana wali na samaki, au muhogo wa nazi. Ijumaa aliwasha tanuri lake dogo la udongo akaoka mofa za mtama, akazila zikiwa moto na mchuzi wa papa. Ukipita wakati huo na macho yako yakaangukia sahani, alisema, "Karibu kwa mdomo tu," maana yake endelea na safari. Alikuwa bahili, nisiwafiche. Lakini hakuwa na chakula cha kugawa ovyo. Chetu sisi kilikuwa kila mahali, kila duka, kila dirisha. Chake alikipepeta mwenyewe, akakitwanga mwenyewe, na kikimwisha, hakuna pa kukimbilia.

Ukimwonea huruma ndiyo umemkosea zaidi. Mpangaji mmoja aliwahi kumwambia, "Pole Bibi, na ugonjwa wako." Akageuka. "Nani mgonjwa? Mimi si mgonjwa. Mimi ni mchaguzi."

Alipokuwa bado mke kijana aliharisha miezi na miezi akabaki mifupa. Kwao walisema mke mwenzake amemfanyia mambo. Akapelekwa Mombasa kwa daktari mmoja wa Kihindi, akamwambia aache kile kwanza, kisha kile, mpaka wakafika kwenye ngano, na hapo tumbo likatulia. Daktari akamwambia ale mchele, mtama, mahindi na muhogo, na ngano aiache mpaka afe. Nilimuuliza ugonjwa wenyewe waitwaje. "Alinitajia. Likaniingia huku likatokea huku. Jina halinishibishi."

Kuacha ngano, alisema, haikumshinda. Walimshinda watu. Mswahili akikualika hakuulizi wataka nini, akuwekea. Harusini mwakaa kwenye sinia moja watu wanne watano, na mkono wako ukisita, wote wauona. Ramadhani kila jirani amletea mwenziwe kisahani cha sambusa au kaimati, nawe ukikirudisha kimejaa umemtukana. Neno lao ni moja, "Onja tu." Mwanzoni aliwaambia ukweli, kwamba tumbo lake halitaki ngano. Wakamjibu, "Ngano yamdhuru nani? Sema tu hukitaki chetu." Wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema ati ashuku wamemtilia kitu chakulani. Akaanza kukosa kualikwa. Wakati wa msiba wa dada yake mwenyewe alikula peke yake jikoni kama mwizi.

Ndipo akajipatia jini.

Pwani yetu hii, mtu akiwa na jini kichwani, jini huyo ana masharti yake. Mmoja hataki pweza, mwingine hataki nguo nyekundu, mwingine hataki harufu ya kitunguu. Na hakuna mtu atakayebishana na jini wa mwenzake, maana hujui atakugeukia vipi. Mwenye Nyumba akatangaza kwamba ana jini wa Kiarabu, mkali, hataki kuona ngano. Kutoka hapo mambo yakalainika. Walewale waliokasirika wakawa wampikia mkate wa kumimina wa mchele, kwa heshima zote. Nilimsikia kwa masikio yangu mama mmoja wa jirani akimuuliza mlangoni, "Hajambo jini wako?"

"Hajambo, ila leo ameamka vibaya. Hizo sambusa rudi nazo, usije ukamwona."

Na yeye mwenyewe haamini. Alisali sala zake zote, na waganga aliwacheka. Kulikuwa na mganga mmoja maarufu upande ule, mzee kibogoyo. Mwenye Nyumba alikuwa akisema, "Angekuwa na dawa, angejiotesha meno."

Sasa nije kwa mambo yetu.

Babangu Karisa alifanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii, kule ufukweni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kazi ya hoteli ilikuwa jambo la kuringia. Jioni alirudi na mfuko wa mikate iliyobaki, ile mirefu yenye ganda gumu, na mingine ya mviringo. Muyeye nzima ilijua. Nyumbani kwetu mkate haukukauka, na mimi mtoto wa pekee ndiye niliyeula zaidi. Na mimi ndiye niliyekuwa nakwisha. Miguu kama njiti, tumbo mbele kama la mwenye mimba, midomo imechanika, kutwa nalia. Watu wakija kunipa pole walibeba kile kinachobebewa mgonjwa, mkate wa boflo na soda. Kadiri nilivyougua ndivyo maboflo yalivyozidi.

Mwenye Nyumba hakunijua kwa uso. Alinijua kwa choo. Siku moja alimwita mama uani, nami nimebebwa mgongoni.

"Mama Dama, hebu njoo. Mwanao yuwala nini?"

"Shikamoo Bibi. Anakula tunachokula. Chai na mkate, mchana sima kidogo, hataki. Mkate ndio anaoutaka."

"Choo chake nimekiona."

Mama akaona haya. "Nisamehe Bibi, nitaosha sasa hivi."

"Sijasema uoshe. Nasema nimekiona. Cheupe, chaelea, chanuka kama kitu kilichooza. Wallahi kile ni choo changu mimi, kabla ya daktari. Mwondolee ngano."

Mama akamwamini nusu. Lakini nusu ile ilimtia taabuni. Akawa apokea mkate wa baba akaugawa kwa majirani. Baba akagundua.

"Wenzangu watoto wao wautazama mkate huu kwa macho tu. Wewe wataka mwanangu ale muhogo, kama hana baba?"

"Bibi asema ni ngano."

"Bibi ana jini! Mwanangu ana jini?"

Akawa ananilisha kwa mkono wake, jioni, amenipakata. Simsahau kwa mapenzi yale wala simsamehe.

Nilipozidiwa walinipeleka bara, ndani huko kupita Ganze, kwa hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba. Huko mkate uliuona siku ya sikukuu. Nilikula sima na mboga za majani na maziwa ya mbuzi. Nikanenepa, nikakimbia na wenzangu. Wakanirudisha Muyeye kwa furaha, baba akanipokea na mkate, nikaanguka tena. Wakanipeleka tena, nikapona tena. Nikarudi, nikaanguka. Hapo shangazi yangu Mbodze, dada wa baba, akajifanya hakimu.

Kwetu mtoto akikonda tumbo likavimba, wazee wana neno lake, chirwa. Maana yake baba au mama ametembea nje ya ndoa, na uchafu ule umemshika mtoto. Ikiwa ni mama, akiri, dawa ifanywe, mtoto apone. Asipokiri mtoto afa. Mara nyingi ni mama. Sijasikia ikawa baba, labda mababa wa kwetu ni malaika.

Wakaja Jumapili moja. Alikuja Mbodze na mumewe, na mzee Baya, ami yake baba, ambaye neno lake lilikuwa ndilo la mwisho. Wakakaa ukumbini kwenye mikeka. Mlango wa Mwenye Nyumba ulikuwa wazi kidogo. Nami nimekaa pembeni natafuna boflo. Alilileta mzee Baya mwenyewe, kwa kuwa huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Mbodze akasema, "Mtoto akiwa kwa mamangu apona. Akirudi kwa huyu akwisha. Mara ya kwanza, mara ya pili. Sasa mwataka niseme nini tena?"

Mzee Baya akamgeukia mama. "Mwanangu, hapa hakuna wa kukupiga. Taja tu ni nani."

"Hakuna mtu, baba. Ni mkate."

"Ni nini?"

"Mkate. Kule kwa hawe hakuna mkate. Ndiyo maana apona."

Walicheka. Nakumbuka kicheko chenyewe, mume wa Mbodze alijipiga paja. Mzee Baya akafuta macho. "Mkate! Wazungu wala mkate asubuhi, mchana, jioni, waone walivyo! Karisa, huko hotelini wazungu wafa?"

Baba akasema, "Hawafi." Akatazama chini. Alijua mkewe si mtu wa hivyo. Alijua, na kitu alichosema siku ile ni hicho tu, hawafi.

Lazima niseme kwamba mlango wa kutokea ulikuwepo. Juma lile lote Mwenye Nyumba alikuwa amemshika mama. "Sema mtoto ana jini. Sema jini wangu amempenda. Wakwenu wataelewa, na mimi nitakutolea ushahidi." Mama alikuwa ameokoka, mtu wa kanisa kweli kweli. Alimjibu, "Bibi, nakuheshimu kama mamangu. Lakini mtoto wangu nilimtoa kwa Bwana. Sitamtangaza kuwa wa shetani."

"Wee, mimi sikuambii uamini. Nakuambia useme."

"Kusema ndiyo kuamini, Bibi."

Mwenye Nyumba alikwenda zake akinung'unika kwamba watu wengine Mungu amewapa moyo akawanyima ujanja.

Mama akarudishwa kwao siku ileile, na furushi la nguo zake. Mimi nikabaki, kwa sababu mtoto ni wa upande wa baba. Mbodze akahamia kwetu kunilea. Kulea kwake ilikuwa ni kunitoa shule baadaye nimpikie yeye, lakini wakati ule alianza na kuniponyesha. Alinichovyea mkate kwenye chai asubuhi na jioni. Mama hayupo, na mimi nazidi kwisha. Mngedhani atajiuliza. Alisema mama aliacha uchafu wake chumbani, akafukiza moshi.

Basi asubuhi moja nimekaa ukumbini, Mbodze amenishikia kikombe, mkate umelowa watoka chai. Mwenye Nyumba akatoka chumbani kwake. Akasimama. Macho yakamgeuka, akaanguka chini puu, ushungi huku, kiatu kule. Akaanza kunguruma kwa sauti ya mwanamume, na Kiarabu chamtoka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akihesabu moja mpaka kumi, ndicho Kiarabu alichokikumbuka pale nje ya sala, na sala hakutaka kuichezea. Kisha Kiswahili.

"Kitoto hiki nimekipenda! Ni changu! Ngano nisiione kinywani mwake!"

Mbodze kikombe kikamwanguka.

"Wala mkononi mwako wewe! Nikiiona ngano mkononi mwako nitamwacha huyu bibi kizee nikupande wewe! Wewe una nyama!"

Shangazi yangu alikimbia mpaka barabarani. Alikuwa mnene na sijamwona akikimbia tena maishani. Mwenye Nyumba akafungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Akaendelea kulala pale mpaka watu wajae, maana kazi alipenda kuifanya ikakamilika.

Jioni ile baba alikuja mikono mitupu. Mkate haukuingia tena nyumba ile. Mzee Baya alipopelekewa habari alitikisa kichwa, akasema, "Jini. Hiyo sasa naielewa." Wala hakuna aliyesema mama arudi. Nilipokua nilimuuliza baba mbona hawakumrudisha, ikiwa shida ilikuwa ni jini. Akaniambia mambo yalikuwa yameshapita. Mbodze alisema jini ni jambo moja na mama ni jambo lingine. Mama amekaa uani kwa kaka yake mpaka leo. Amezeeka na jina lile. Wanawake wa kule bado wakimtazama, wanamtazama kidogo zaidi ya inavyotosha.

Nikaanza kula kwa Mwenye Nyumba. Mbodze alifurahi, mtoto wa jini akale kwa jini. Bibi alinipa sahani yangu, na msumari wangu wa kutundikia kikombe, chini ya kaango lake. Hakunibembeleza hata siku moja. Ukiacha wali alikuuliza kama umeukuta barabarani. Alinifundisha kunusa unga, kutofautisha wa mchele na wa mahindi na wa ngano nimefumba macho. Alinifundisha kula nikashiba kabla ya kwenda penye watu, nikifika huko niwe mtu wa kuongea tu. "Mwenye njaa ndiye huonja," alisema. Maneno ya mtu akiniambia "kidogo hakidhuru" alinifundisha kuyajibu hivi, "Basi kile wewe, mimi nitakutazama."

Naye huyo huyo, sikukuu ya Idi, nilimfuma nyuma ya mlango na hamri mkononi. Hamri la ngano, jeupe ndani, la iliki. Ala polepole, amefumba macho.

"Bibi!"

"Funga mlango." Akamaliza, akajilamba vidole. "Mwaka mzima mimi namtumikia tumbo. Leo tumbo linitumikie mimi."

Ile sikukuu yote alilala kitandani ajikunja na kuapiza. Akaniamuru nisimwige. Nikamwambia mbona yeye. Akasema yeye ni mzee, tena hamri lenyewe alilikaanga jirani yake Fatuma, na mahamri ya Fatuma hata malaika wa rehema angejificha nyuma ya mlango. Kila Idi ilikuwa hivyo. Sijui kwa nini, lakini nilimwamini zaidi tangu siku ile.

Nikakua, nikapelekwa kazi ya nyumbani Kilifi, kwa mwalimu mmoja na mkewe. Walikuwa watu wema, walinipikia sima nilipowaambia. Miaka ya tisini ilikuwa yaelekea ukingoni. Siku moja sokoni nikakutana na mpangaji mwenzetu wa zamani, akaniambia, "Mwenye Nyumba yuko hapahapa Kilifi, kwa mwanawe. Nenda kamwone upesi."

Mwanawe Athumani alikuwa na duka la vyuma na nyumba nzuri. Si mtu mbaya. Alikuwa amesoma dini kwa bidii, si kama sisi wa kuokota okota, na alimchukua mamake mwenyewe, akamwekea chumba chenye dirisha. Nilipoingia sikumwona mtu kitandani. Niliona shuka. Kisha shuka ikasema, "Nani huyo asimama kama mkusanya kodi?"

"Shikamoo Bibi. Ni Dama."

"Marahaba. Umenenepa. Alhamdulillahi."

Kando yake kwenye kigoda kulikuwa na kikombe cha chai, na vipande vya boflo juu ya kisahani. Nikamtazama, akanitazama. Mkewe Athumani, Rukia, akaingia nyuma yangu na leso begani.

"Hana meno, masikini," akasema. "Namchovyea, ateremsha vizuri. Lakini hakai nacho. Dawa za kuhara amekunywa aina zote."

"Dada, huyu hali ngano."

Rukia akashusha sauti. "Najua. Jini. Athumani amekataza jini humu ndani."

Nikamngojea Athumani. Alipotoka kusali alasiri alinikaribisha vyema, akaniuliza habari za Malindi. Nikamweleza habari ya ngano, ya Bibi na yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Dada yangu, mimi nimekulia na jini huyo. Utoto wangu wote, mama hali hiki, mama hali kile, jini amesema. Ni shirki. Mtu asiogope kiumbe kuliko Mola wake. Nimemsomea dua, nimemwambia, mama, sema bismillahi ule. Tutamtoa jini huyo kwa kumvunjia masharti yake."

"Na yeye akuambia nini?"

"Sasa aniambia hakuna jini, ni tumbo. Miaka yote jini, leo ni tumbo. Wewe huoni ni jini mwenyewe asema, ili tumwachie?"

Mlango ule wa jini alioufungua Bibi mwenyewe ili apumue ndio uliomfungia ndani. Niliona ukumbi wa Muyeye, na mama amekaa mkekani akisema ni mkate, na wanaume wacheka. Athumani hakucheka, hilo nampa. Lakini mamake alikuwa afa mbele ya macho yake kwa kisahani cha boflo.

Nikarudi chumbani. Nikakaa kitako karibu na kitanda, nikamuuliza jambo nililolibeba tangu utoto. "Bibi, siku ile ya wazee mlango wako ulikuwa wazi. Mbona hukuanguka siku ile?"

"Mamako aliniapisha. Juu ya msahafu wangu mwenyewe, mwanamke yule wa kanisa. Akasema, Bibi, usiniokoe kwa uongo. Nikaapa." Akavuta pumzi. "Alipokwisha kwenda, sikuwa nimeapa juu yako."

Nikainuka. Nikachukua kile kisahani cha boflo, nikatoka nacho mpaka ukumbini, walipokaa Athumani na Rukia na kikombe cha kahawa.

"Kaka Athumani. Mimi nimebatizwa. Kwetu hatuna jini, mama yangu alifukuzwa kwa sababu alikataa kusema ninaye. Unaniona nina kitu kichwani?"

"Sikuoni, dada."

"Nisomee dua."

"Ya nini?"

"Nisomee, nawe uridhike."

Akanisomea, mkono kichwani pangu, mpaka mwisho. Rukia akaitikia amini. Nikasema bismillahi, kwa kinywa changu cha Kikristo, Mungu alinielewa. Nikala. Nilikuwa sijautia mkate kinywani tangu siku ya kikombe cha Mbodze. Nikala kipande kimoja, nikala cha pili, nikavimaliza, nikamwambia Rukia alete lililobaki kabatini. Akaleta boflo zima. Wakanitazama mpaka chembe za mwisho.

Kabla jua halijatua nilikuwa nimejikunja sakafuni chumbani kwa Bibi. Sitaeleza yote, mliowahi kuugua hivyo mwajua. Rukia alibeba ndoo akaingia na kutoka. Athumani alisimama mlangoni, amekunja kanzu, aniangalia, kisha amwangalia mamake, kisha mimi tena. Alivaa viatu. Nilisikia lango.

Aliporudi nilisikia sauti yake jikoni, amwuliza mkewe, "Mtama huu watwangwa kwanza au waloweshwa?" Na Rukia akamjibu, "Hata sijui, kamuulize mama."

Watu niliowataja humu sijamfutia lawama hata mmoja, Mbodze, Baya, Karisa. Athumani nilitaka kumweka nao. Nimemwacha.

Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka kando ya kitanda cha Bibi. Mwenye Nyumba akateremsha mkono, akanipapasa mpaka akapata sikio langu, akalivuta.

"Mjinga wee. Kipande kimoja kingetosha."

"Nilitaka waamini, Bibi."

Akaniachia sikio. Jikoni kinu kikaanza kulia, kikikosea mapigo, kama kitwangwacho na mtu asiyejua.

"Lilikuwa tamu?" akaniuliza.

"Tamu sana, Bibi."

"Najua," akasema, akageukia ukutani.